Kikohozi cha Cate

Kila asubuhi, kabla ya kufungua duka lake la nafaka mtaani Pioneer, mjini Eldoret, Waiyego alipika uji wa wimbi. Alipika kidogo tu, wa mtu mmoja. Aliuchuja, akaongeza maji moto, akauchuja tena. Alitaka uwe mwepesi kabisa, uteremke wenyewe kooni bila kumsumbua binti yake.

Binti huyo aliitwa Cate, na alikuwa na miaka saba. Siku aliyozaliwa alikosa hewa, na sehemu ya ubongo inayoongoza misuli ikaumia. Hali hiyo huitwa mtindio wa ubongo. Cate hakuweza kutembea wala kukaa bila kushikiliwa, na maneno hayakumtoka. Lakini alielewa kila kitu. Umbea wa dukani aliupenda kuliko wateja wote.

Waiyego alimlaza mapajani. Alikiegemeza kichwa cha mtoto nyuma, kwenye mkono wake, kama alivyomlisha tangu alipokuwa mchanga. Akamimina uji kinywani kwa kikombe. Cate akameza. Akameza tena. Kisha akakohoa hadi macho yakajaa machozi.

"Pole, mami. Ni hii baridi," Waiyego akasema, na kumvalisha sweta ya tatu juu ya zile mbili.

Kila mtu alisema ni baridi. Ulikuwa mwezi wa sita, na mwezi huo Eldoret hata mbwa hutafuta jiko. Tangu mwaka uliopita Cate alikuwa amelazwa hospitalini mara tatu kwa nimonia. Majirani walimletea Waiyego ushauri wa kujaza gunia. Mmoja alisema mtoto apakwe dawa ya mafua kifuani. Mwingine alisema asiogeshwe. Mwingine akasema hata dirisha lisifunguliwe. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ushauri haulipiwi. Waiyego aliufuata wote. Cate akafungwa nguo kama kabichi, na bado alikohoa.

Jumapili jioni Ng'ang'a, mume wa Waiyego, alipiga simu. Yeye alilima mahindi huko kijijini Sugoi na kukaa na mama yake siku nyingi za wiki. Sauti yake haikuwa na hasira. Ilikuwa na woga, na hilo lilimtisha Waiyego zaidi.

"Mama Cate, hiyo shule ndiyo inamuua," alisema. "Sakafu ni simiti, madirisha ni wazi. Jumamosi nakuja kumchukua. Akae na shosho yake karibu na moto."

"Na masomo?"

"Masomo itangoja. Mtoto akienda, utasomesha nani?"

Waiyego aliiweka simu mezani. Alikumbuka shule mbili zilizomkataa Cate hata kabla ya kumuuliza jina. Shule ya Jamii ya Daraja Mbili peke yake ndiyo iliyosema karibu. Pale watoto wanaoona na wasioona, wanaokimbia na wanaosukumwa kwa kiti, walisoma darasa moja. Cate alikuwa amejifunza herufi. Mwalimu akitaja moja, aliikazia macho ile yenyewe ukutani, na darasa zima likampigia makofi. Sasa alikuwa na marafiki.

Akimwacha shuleni, huenda akamzika. Akimtoa, atamfungia jikoni kwa nyanya yake, na hakuna atakayejua kwamba anajua kusoma. Waiyego aliyageuza hayo mawili kichwani siku mbili nzima. Aliwapimia watu maharagwe walipoomba dengu.

Jumatano alifunga duka saa sita. Alitia uji mwepesi kwenye thamosi akaenda shuleni. Alitaka kumwambia Mwalimu Apondi, mwalimu wa darasa la Cate, kwamba Jumamosi mtoto anaondoka. Njiani alijaribu kupanga maneno, yakakataa kupangika.

Aliwakuta watoto wakila chakula cha mchana. Cate alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao chenye mkanda, magoti yamekunjwa, miguu imekanyaga ubao, mgongo wima kama karani wa benki. Mwalimu Apondi alikuwa ameketi mbele yake, uso kwa uso. Mkononi alikuwa na bakuli la viazi na maharagwe vilivyopondwa vikawa laini. Lakini vilikuwa vizito. Viling'ang'ania kijiko.

Waiyego alikimbilia mbele. Chakula kizito namna ile, kwa mtoto asiyejua kutafuna! Hakukumbuka hata kusalimu.

"Mwalimu, wacha. Utamnyonga mtoto wangu."

"Karibu, Mama Cate. Anakula vizuri, ngoja uone."

"Mimi ndiye mamake. Mimi ndiye najua vile anakula."

Akafungua mkanda. Akamlaza Cate mapajani, kichwa nyuma, akamimina uji kwenye kifuniko cha thamosi. Cate akafunga mdomo. Waiyego akaufungua kwa kidole, akamimina.

Cate akapaliwa. Alikohoa mara moja, kisha mfululizo, bila nafasi ya kuvuta hewa. Uso ukabadilika rangi. Mikono ikakakamaa. Darasa lote likageuka, vijiko hewani.

"Leteni maji," Waiyego akalia. "Leteni maji, mtoto anakufa."

"Hapana, usimpe maji," sauti ikasema nyuma yake. Alikuwa Jebet, mtaalamu wa tiba ya viungo kutoka hospitalini. Jebet alifika shuleni hapo kila Jumatano kuwasaidia watoto, na ndiye aliyempimia Cate kile kiti. Alimwinua mtoto haraka, akamketisha, akamwinamisha mbele huku akimshika kifua. "Kohoa, Cate. Kohoa uitoe. Usimzuie, mama. Akikohoa, hewa bado inapita."

Uji ukatoka puani na mdomoni. Cate akakohoa tena, akavuta hewa, akalia. Waiyego hakuwahi kufurahia kilio namna ile. Akaketi kwenye dawati la watoto.

Jebet alisubiri hadi Cate akatulia. Alieleza kwamba kama mtoto angekosa sauti kabisa, angempiga mgongoni kwa kiganja, katikati ya mabega, huku ameinama mbele. Maji nayo yangeingia njia mbaya kama ule uji.

Mwalimu Apondi alisogeza kiti karibu na Waiyego.

"Mama Cate, sitaki kukuumiza. Lakini hapa shuleni, tangu tupate hiki kiti, Cate hakohoi akila. Tulifikiri nyumbani unamlisha vile vile. Hatukukuuliza. Hapo tulikosea."

Waiyego alimtazama kama mtu aliyeambiwa jua limechomoza magharibi. "Hakohoi? Na hii baridi yote?"

Jebet alimwomba afanye jambo dogo. Ainue uso aangalie mabati ya paa, kisha ameze mate. Waiyego alijaribu. Koo likakataa, mate yakamkwama. Jebet akamwambia sasa ainamishe kidevu kidogo, ameze tena. Mara hii mate yaliteremka bila shida.

"Umeona?" Jebet akasema. "Shingoni kuna njia mbili. Moja ni ya chakula, inaenda tumboni. Ingine ni ya hewa, inaenda kwa mapafu. Ukimeza, kuna kifuniko kinafunga njia ya hewa. Ukilaza kichwa nyuma, hiyo njia inabaki wazi."

"Lakini uji nilifanya mwepesi, ndiyo isimkwame."

"Ndiyo, na kila mzazi hufikiria hivyo. Lakini kitu chepesi hukimbia. Misuli ya Cate ni polepole. Kabla kifuniko kifunge, uji imeshapita ikaingia kwa mapafu, pamoja na vijidudu. Hiyo nimonia mara nyingi hutoka hapo. Baridi inasumbua sisi wote, lakini mtoto akikohoa kila wakati anakula, usiangalie sweta. Angalia kijiko."

Waiyego aliinamisha kichwa. Mara tatu alikuwa amelala sakafuni kando ya kitanda cha hospitali akimlaumu Mungu na hali ya hewa. "Kwa hivyo ni mimi," alisema. "Ni mkono wangu."

Jebet hakumdanganya, wala hakumwacha hapo. "Ni njia ya kulisha. Hukuwa umeonyeshwa. Leo umeonyeshwa."

Alimfundisha pale pale. Mtoto aketi wima, nyonga zikiwa zimerudi nyuma kabisa kitini, miguu ikikanyaga kitu. Kidevu kiiname kidogo. Anayelisha aketi mbele yake, asimsimamie juu. Kijiko kiwe kidogo na kisijazwe. Chakula kiwe laini bila mabonge, na uji uwe mzito wa kuanguka taratibu kutoka kwenye kijiko. Baada ya kila kijiko, angoje hadi aone koo limepanda na kushuka. Akishiba, asilazwe. Abaki ameketi nusu saa.

Kisha akamwonya. Watoto hawafanani. Uzito unaomfaa Cate huenda usimfae mwingine, na mzazi asijiamulie tu. Mtoto apelekwe hospitalini apimwe jinsi anavyomeza, na mzazi aelezwe hata maji mtoto atakunywaje. Na akipata homa au akipumua kwa kasi, apelekwe siku hiyo hiyo. Waiyego alimpeleka Cate kesho yake asubuhi. Huko Cate alikubaliwa kuendelea na chakula kile kile cha shuleni, na maji yake yaongezwe uzito kidogo.

Odera, fundi seremala wa jirani, aliwatengenezea siku hiyo hiyo kiti kama kile cha shule. Lakini kujua si kuzoea. Ijumaa asubuhi Waiyego alipokitazama kijiko cha uji mzito, mkono wake ulikuwa na baridi kuliko Eldoret yote. Alikitia kinywani mwa Cate, akangoja kikohozi. Hakikuja. Akatia cha pili, akangoja. Kulisha kulichukua muda mrefu kuliko zamani. Duka lilifunguliwa kwa kuchelewa, na wateja wakanung'unika wakachoka.

Jumamosi Ng'ang'a alifika na blanketi jipya la kumfungia mtoto safarini. Alipouona uji alishtuka.

"Hii ni ugali ama ni uji? Unataka imkwame?"

Waiyego alimwambia yote. Hakuficha kupaliwa kule, wala hakumsingizia mtu. Ng'ang'a alimsikiliza bila kuketi. Kisha akaliweka blanketi juu ya meza.

"Nionyeshe," akasema.

Akapewa kijiko. Mkono uliozoea jembe ulikishika kijiko cha chai kama yai. Cate akapokea, akameza. Baba mtu akafurahi, akakimbiza cha pili. Cate akafunga mdomo, akamkazia macho.

"Amekataa," Ng'ang'a akasema.

"Hajakataa. Anakuambia ungoje, bado iko mdomoni."

"Huyu alianza kuongea lini?"

"Kitambo," Waiyego akasema. "Ni sisi tulikuwa na haraka."

Ng'ang'a akangoja. Koo la Cate likapanda, likashuka. Mdomo ukafunguka wenyewe. Wazazi wote wawili walikaa wakisikiliza kama watu wanaosikiliza iwapo mvua imeanza, na kikohozi hakikuja. Bakuli lilipoisha, Ng'ang'a alisema mtoto abaki kwanza. Alisema watautazama mwezi wa saba, kwa maana huo ndio mwezi wa baridi kali. Mwezi ukiisha salama, hatasema tena habari ya shule.

Mwezi wa saba ulikuja na baridi yake yote. Waiyego aliuogopa kama mdaiwa anavyoogopa hodi. Kila jioni alimwekea Cate sikio kifuani. Cate alipata mafua mara moja tu kama watoto wengine, yakapita. Hakulazwa hospitalini. Mashavu yakaanza kujaa, na mwisho wa mwezi zile sweta tatu hazikumtosha tena zikivaliwa pamoja. Ikabidi mbili zigawiwe jirani.

Shule zilipofungwa mwezi wa nane, walikwenda Sugoi kumtembelea nyanya. Mama mzee alimpokea mjukuu wake kwa machozi ya furaha. Akampakata, akakilaza kichwa chake nyuma juu ya mkono, akanyoosha mkono mwingine kuchukua kikombe cha uji aliouchuja yeye mwenyewe mara mbili, kwa upendo.

Waiyego aliruka kutoka kwenye kigoda. Mkwe hamfundishi mama mkwe kazi jikoni kwake, lakini hakujali. Kabla hajafungua mdomo, Ng'ang'a alikuwa ameshakishika kikombe.

"Mama, muinue kwanza akae," alisema. "Na hii uji irudi kwa moto iwe nzito."

"Wewe nilikulisha hivi hivi ukakua," mama yake akajibu. "Unanifundisha leo?"

"Mimi nilikuwa naweza kumeza haraka, Mama. Cate hawezi. Hivyo ndivyo tulikuwa karibu kumpoteza."

Mama mzee alimtazama mwanawe, akamtazama na mjukuu. Polepole akamwinua Cate, akamketisha wima, akauliza miguu ikanyage wapi. Ng'ang'a akachochea moto. Uji ulipokuwa tayari, nyanya alichukua kijiko kidogo, akamlisha, kisha akaketi akimtazama shingoni, mdomo wake mwenyewe ukiwa wazi kwa wasiwasi.

"Sasa?" akanong'ona.

"Bado, Mama. Ngoja. Yeye mwenyewe atakuambia."

Likizo ilipoisha, Cate alirudi darasani kwake Daraja Mbili.