Pigo la Kwanza kwenye Laini ya Misigiri

Asubuhi hiyo Damari alikuwa akipepeta uwele mbele ya chumba chake, hana hili wala lile. Mgodi mdogo wa dhahabu bondeni chini ya Misigiri ulikuwa umefungwa, Waingereza wenyewe wako mbioni kufunga mizigo, na kwenye laini ya wafanyakazi alibaki yeye peke yake. Wenzake walifukuzwa haraka haraka, wakaondoka wakiapa kurudi na wanaume wao baada ya mavuno. Damari aligoma. Alikuwa anamngoja shemeji yake, Leonidas, ndugu wa marehemu mumewe, aje kutoka Sepuka amhamishe kwa utaratibu.

Laini yenyewe ilikuwa mstari wa vyumba vya mawe na udongo, juu bati bovu. Usiidharau. Ndiyo nyumba ya kwanza kusimama pale mgodini. Marehemu Petro, mume wa Damari, na wenzake waliijenga jioni jioni wakitoka shimoni, bila ujira, wake zao wakiwakandia udongo, huku bwana meneja bado analala hemani. Nyumba ya meneja ilikuja baadaye, na leo mgeni akifika ndiyo anayoonyeshwa, eti historia. Historia ya nani? Inatia hasira hata kuisimulia.

Chini ya mafiga ya chumba kile Damari alikuwa na mtoto. Alute wake alifariki hajaota hata jino moja, na kwao mtoto wa umri huo hapelekwi makaburini. Hulazwa chini ya jiko la mama yake, apate joto. Karibu kila chumba cha laini kilikuwa na wa kwake. Kumhamisha kuna njia yake. Mume mwenye nyumba, au ndugu yake wa kiume, humwita mtoto kwa jina, kisha huupiga ukuta pigo la kwanza kwa mkono wake mwenyewe. Hapo mtoto hujua nyumba haipo tena, na humfuata aliyepiga.

Basi akaja Isaka, nyapara wa mgodi, na vibarua wenye mitaimbo. Huyu Isaka alizaliwa na kukulia katika desturi hiyo hiyo, na ugali wa Damari aliula miaka mingi. Alisema meneja ameagiza vibanda vivunjwe leo leo, mawe yakajengee ghala la mitambo itakayoachwa. Damari akamwomba asubiri kidogo tu, Leonidas yuko njiani. Isaka akamjibu kwamba hii ni mali ya mgodi na yeye mjane amekaa kwa hisani. Damari akahisi damu inamchemka. Akamuuliza hisani ya nani, na udongo ule aliukanyaga nani.

Vibarua walisimama wakatazamana. Walikuwa watu wa huko huko, hakuna aliyetaka kuanza. Isaka akaona anaumbuka mbele yao, akampokonya mmoja mtaimbo.

"Isaka," Damari akasema polepole. "Unajua anayepiga wa kwanza ni nani."

"Ni mwenye nyumba," Isaka akacheka. "Basi leo mwenye nyumba ni mimi, shemeji. Laini yote, mwanzo hadi mwisho."

Akapiga.

Ukuta ukashusha pumzi. Ndivyo Damari alivyosikia, pumzi ya kitu kilichoamshwa. Chumba kikalala chini taratibu. Kisha cha jirani, ambacho hakuna aliyekigusa. Kisha cha pili yake. Laini nzima ikashuka hivyo hivyo, chumba baada ya chumba, bila kishindo. Vibarua walitupa mitaimbo wakatimua mbio.

Damari akapanda kifusi, akasogeza mawe, akafukua mafigani kwa kucha zake. Udongo ulikuwa laini. Ulikuwa na joto, na jiko halikuwashwa siku hiyo. Shimo lilikuwa tupu, hata kitambaa alichomviringishia mwanawe hakikuwamo. Akamlaani Isaka mpaka sauti ikamkauka.

Kesho yake mchana, Leonidas amekwisha fika, wakamwona Lea, mke wa Isaka, anakuja. Lea alikuwa mtu mzima wa mvi, na hakuwahi kuzaa. Damari akamwamkia shikamoo. Lea akafunua tu kanga ya juu. Kifua chote kilikuwa kimelowa maziwa.

"Wananyonya," akanong'ona. "Siwaoni. Lakini wananyonya, na hawashibi."

Damari akatangulia mbele kuelekea kwa Isaka. Wakamkuta Isaka uani, anaogopa kuingia kwake mwenyewe. Akamshika Damari miguu.

"Waambie warudi, shemeji."

"Warudi wapi? Nyumba yao umeivunja."

Damari akaingia. Ndani giza. Kilio. Si kimoja. Vilikuwa vingi, vidogo, vinatoka jikoni, uvunguni, nyuma ya kihenge. Akasikiliza amtambue wake. Hakuweza. Mama mzazi, na hakuweza kumtambua mwanawe! Akatamani kumrudia Isaka amnyonge kwa mikono yake. Badala yake akachuchumaa.

"Alute," akaita kwa sauti ya chini. "Alute wa Petro. Ni mama."

Wote wakanyamaza.

Kitu kikamgusa kisigino. Kikashika. Kikapanda.

Damari akafunga kaniki mgongoni, akatoka ameinama kidogo, mkono mmoja nyuma. Leonidas aliitazama kaniki. Ilikuwa imelala bapa, hamna kitu. Isaka akauliza, na hao wengine je?

"Wewe ndiye mwenye nyumba," Damari akamwambia bila kugeuka. "Walee."

Huko ndani vilio vikaanza upya.

Njia nzima Damari hakuketi kwa kuegemea. Walipofika Sepuka alikaa kando ya jiko la Luciana, mke wa Leonidas, na hakufungua kaniki mpaka moto ulipokolea. Asubuhi Luciana akaichukua akaifua, akaianika kwenye jua la kiangazi na ule upepo wa kwao usioacha kitu kibichi. Adhuhuri ilikuwa imekauka yote, isipokuwa sehemu moja, pale palipokuwa katikati ya mabega ya Damari, padogo, upana wa shavu la mtoto. Akaikamua. Akaianika tena. Alipoirudia ilikuwa imelowa zaidi, na alipoinusa ilinuka mate.