Watu Saba Chini ya Kabalagala

Asubuhi hiyo Vera alikuwa amechelewa kufungua duka la dawa, na barabara ya Kabalagala ilikuwa imechimbwa ili bomba la maji machafu lipite chini kabisa. Akainua pindo la gauni lake la njano, akaruka utepe wa kizuizi.

"Nyabo! Dada, simama hapo hapo!"

Kijana mwenye kofia ngumu alimjia mbio. Hakumfokea. Alimshika mkono, akamrudisha taratibu.

"Unajua chini yako kuna watu?"

"Kwani mimi mzito hivyo?"

"Si uzito, dada. Kokoto likianguka mita kumi na mbili halibishi hodi."

Vera akacheka. Akaona pia kwamba kijana yule alikuwa amemtundikia mama muuza nyanya turubai, vumbi la shimo lisimwingilie. Mchana akarudi kuuliza jina. Wandera.

Miezi minane simu zao hazikukauka.

"Daktari wangu wa panado, umekula?"

"Wewe wa shimoni, umenawa?"

Tatizo lilikuwa baba. Mzee Ogutu alikuja Kampala kutoka Busia bila cheti chochote, akasomesha watoto wanne hadi chuo kikuu. Mkwe asiye na digrii hakutaka hata kumsikia, na Wandera aliishia kidato cha nne. Vera alimbembeleza miezi mitatu, mpaka mzee akakubali kumwona Jumapili moja tu, saa nane.

Jumapili ikafika. Mama akachinja kuku. Vera akavaa kitenge kipya, akakaa akitazama lango. Saa nane ikapita, saa tisa, saa kumi na moja. Simu ya Wandera ilikuwa imezimwa.

"Shule hana, na adabu pia hana," alisema Mzee Ogutu, akainuka mezani. "Hilo limekwisha."

Jioni Wandera alipopiga, Vera alikata. Akapiga tena, akakata tena, machozi yakimtoka.

Kesho yake Wandera alifika mwenyewe nyumbani kwao Vera, Makindye, buti zina udongo, mkononi kilo mbili za sukari. Mzee akamzuia mlangoni. Vera akasimama nyuma ya pazia.

"Nimekuja kuomba radhi, baba."

"Jana ulikuwa wapi?"

"Kazini. Mimi hukaa mdomoni mwa shimo, nikihesabu wanaoshuka na kusikiliza kengele yao. Mwenzangu Opoka angenipokea zamu saa sita, malaria ikamwangusha. Simu huzimwa, zikaachwa ofisini, tusije tukazubaa."

"Si ungemwachia mtu yeyote?"

"Hakuna mwingine aliyefundishwa. Walikuwa wanaunganisha bomba, kazi isiyokatika katikati. Watu saba, baba."

"Walitoka?"

"Wote. Wa mwisho saa kumi na mbili."

Mzee Ogutu akashika mwimo wa mlango. Kisha akasema jambo ambalo wanawe hawakuwahi kulisikia: kwamba ada zao zote zilitoka kwenye kuchimba mashimo ya vyoo, na kwamba mdogo wake, Odero, alibaki ndani ya mojawapo.

"Aliyekuwa juu alikwenda kununua sigara," alisema. "Dakika tano tu. Udongo ukashuka, hakuna aliyejua."

Mama alitoka jikoni, akamwekea mumewe mkono begani.

"Ingia, kijana," mzee alisema, akijifuta macho. "Vua buti, nyumba imepigwa deki. Lakini shule utarudi. Binti yangu haolewi na kidato cha nne."

"Nitarudi, baba."

"Masomo ya jioni. Mchana usitoke hapo mdomoni."

Vera akatoka nyuma ya pazia, akapokea sukari.

"Ulinikatia simu mara tisa," Wandera alinong'ona.

"Kumi na moja. Nilikuwa nahesabu."

"Basi nihesabie na hii. Utanikubali, mpenzi?"

"Nilikubali zamani, wewe ndiye uliyechelewa," alisema Vera, na pumzi aliyoibana tangu jana ikamtoka kwa kicheko.

"Vera!" mzee aliita kutoka mezani. "Ugali unapoa. Mkwe wangu atakula amesimama?"