Masale ya Mzee Ndewario

Masale yalianza kuzama asubuhi, watu wa mtaa wakitazama. Hakuna panga lililoyagusa. Yalitetemeka, yakainama upande mmoja, kisha udongo ukayameza shina kwa shina, mpaka ule ua wa kijani uliozunguka nyumba ya Mzee Ndewario ukabaki mstari wa tope jekundu.

Chini ya tope hilo lilikuwa likipita fukochuma, mtambo wa kuchimba chini kwa chini. Lilikuwa refu kama basi, lakini halikuchimba kwa meno. Lilitoa mtetemo uliolegeza udongo ukawa kama uji, likaunywa kwa mbele, na kwa nyuma likamwaga zege lililoganda papo hapo. Kwa njia hiyo lilijenga msingi na mtaro wa nyaya katikati ya makazi bila kutia ufa nyumba yoyote. Mji mzima wa Moshi ulikuwa ukibadilishiwa transfoma zake kwa namna hiyo, kwa kuwa magari ya angani yalidai nguvu ambazo zile za zamani hazikuziweza.

Mhandisi Aikaruwa alisimama kando na kibao cha kuongozea mkononi, akijisikia mwepesi kama mtu aliyetua mzigo.

"Narudia," ilisema sikioni mwake sauti ya Mshauri, akili ya mtambo iliyopanga kazi zote za mji. "Kiwanja kitupu cha pale kona kinafaa zaidi. Hapa mvumo utaingia chumba cha kulala."

"Nakijua chumba hicho."

"Basi nieleze sababu ya kuchagua hapa."

"Andika: uamuzi wa mhandisi."

Mshauri hakubishana. Sheria ilimwachia binadamu neno la mwisho.

Sababu Aikaruwa alikuwa nayo tangu usichana wake, alipokuwa shule ya bweni. Siku hizo Mzee Ndewario alikuwa mwenyekiti wa mtaa. Transfoma iliyopangiwa ukuta wake aliifanyia hila, ikawekwa uani kwa baba yake Aikaruwa. Msimu wa mvua ikalipuka, mafuta yanayowaka yakamwagikia zizi. Baba aliingia kufungua ng'ombe, hakutoka.

Na masale hayo Aikaruwa aliyazamisha kwa makusudi. Kwa Wachaga, aliyekukosea akikuletea jani la isale na kuomba radhi, huna ruhusa ya kumkatalia. Mtaani kwingine kote masale yalikwisha kufunikwa na sakafu za kuvunia jua, na mashamba ya mlimani yalifungwa kuwa hifadhi ya maji. Haya ndiyo pekee yaliyokuwa yamebaki; bila hayo Ndewario hangekuwa na jani la kumletea.

Mzee Ndewario alitoka taratibu, mkongojo mkononi.

"Shikamoo, mzee," alisema Aikaruwa, kwa mazoea tu.

"Marahaba, binti Eliamani. Mke wangu hatoki kitandani siku hizi. Mvumo wa kitu hicho atausikia mpaka afe."

"Baba yangu hakupata muda wa kuusikia hivyo."

Mzee alilitazama tope. "Ningekuletea kitu mkononi, lakini naona umenitangulia."

"Kazi ni kazi, mzee."

"Una akili," alisema, akicheka bila furaha. "Ada ya shule haikupotea." Akarudi ndani.

Jioni Aikaruwa alikwenda kwa mama yake kama anayepeleka zawadi. Mama alikuwa akimenya ndizi.

"Mama, nimemlipia baba. Transfoma inakaa ukutani kwa Ndewario. Masale yake nimeyazamisha, hata mzizi haukubaki."

Kisu kilisimama. "Nani alikutuma?"

"Mama!"

"Baba yako alipozikwa, wewe ukiwa umesharudi shule, Ndewario alikuja hapa na jani la isale mikononi. Akapiga magoti mlangoni, mtu mzima yule, analia. Nililipokea."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unasoma kwa hasira, Aikaruwa. Hasira ilikuwa inakupa alama nzuri. Nikaona niiache ikusomeshe." Alijifuta utomvu wa ndizi vidoleni. "Nilimsamehe kwa niaba ya nyumba hii. Leo nyumba hii imempiga. Mwenye kosa ni sisi. Nenda ukaombe radhi."

"Zege limeshaganda."

"Nenda."

"Niende na nini, mama?"

Mama aliokota ndizi nyingine akaendelea kumenya.

Aikaruwa alipita juu ya tope jekundu, viatu vikizama. Msingi mpya ulikuwa umekauka mweupe chini ya dirisha la chumba cha kulala. Ndani mtu alikuwa akikohoa. Alibisha hodi.

Mzee Ndewario alifungua. Hakumtazama usoni. Alimtazama mikono, mmoja, kisha wa pili, akingoja kama vile huenda kingetokea kitu.

"Mzee, nimekuja..."

Akafunga mlango.