Pikipiki ya Yudith Haiuzwi

Kila asubuhi mama Ruthu alifungua banda lake la kuku kwa kuchomoa ufunguo wa pikipiki. Usicheke. Ufunguo huo ulikuwa na kichwa chekundu, na mama Ruthu aliuchomeka kwenye komeo la banda mahali pa kijiti. Ulining'inia kwa kamba ya katani kwa miaka miwili, jua likiuchoma na mvua ikiunyeshea. Aliupenda kwa sababu ya wekundu wake. Alisema hata macho yake ya uzee yaliuona kwa mbali.

Ufunguo huo alipewa na mkwe wake, Yudith.

Yudith alikuwa mtaalamu wa mifugo. Zamani alifanya kazi katika mradi mmoja mjini Dodoma. Kisha ikaja ile miaka ya kupunguza wafanyakazi. Mradi ukafungwa, naye akapunguzwa. Wenzake wengi walirudi makwao wakilia. Yudith alichukua kiinua mgongo chake, akanunua pikipiki moja ya mradi, akabadilisha kadi iandikwe jina lake, akarudi kwa mumewe kijijini, nje kidogo ya Mvumi.

"Kazi imeniacha," alisema, "lakini kuku hawajaacha kuugua."

Akaanza kuzunguka vijijini na boksi la chanjo. Kila kuku tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu. Kijiji kilichochanja hakikuzika kuku kwa ugonjwa wa kideri. Wanawake walimjua kwa mlio wa pikipiki, wakaanza kukamata kuku kabla hajafika.

Mumewe, Elisha, alikuwa mtu mwema. Alilima mtama na zabibu, na hakuwa mlevi. Lakini alikuwa na udhaifu mmoja, aliogopa maneno ya watu. Wenzake walimtania: "Elisha, siku hizi mkeo dereva, wewe mzigo wa nyuma?" Yeye alicheka nao, kisha alirudi nyumbani amenuna.

Sasa turudi kwenye ule ufunguo. Siku Yudith anakabidhiwa pikipiki, mtunza stoo wa mradi alimpa funguo mbili. "Huu mweusi ndio wa kuendeshea," alisema. "Huu mwekundu si wa kuendeshea. Uweke." Hakueleza zaidi, maana alikuwa anawahi chakula cha mchana. Yudith naye hakuuliza. Kosa lilianzia hapo. Alidhani ni ufunguo wa kitu kingine kilichobaki mradini. Mama mkwe alipouomba, akampa bila kufikiri.

Alhamisi moja ya mwezi wa nane, mwaka 2005, Yudith alikwenda korongoni kuchota maji. Wakati wa kiangazi maji ya pale huchimbwa mchangani. Alikuwa amefunga ufunguo mweusi kwenye pindo la khanga, kama alivyozoea. Aliinama kisimani, akachota, akainuka, akainama tena. Alipofika nyumbani, pindo lilikuwa limefunguka na ufunguo haupo.

Alirudi mbio. Wanawake wote waliokuwa korongoni walimsaidia kuchekecha mchanga kwa mikono mpaka jioni. Hawakupata kitu.

"Jumatano nina vijiji viwili vya kuchanja," Yudith alisema usiku ule. "Kideri kimeshaingia upande wa pili wa mlima. Nisipofika, kuku wao watakwisha."

"Mama Aneth," Elisha alijibu, "labda Mungu anakuambia upumzike."

"Mungu akitaka nipumzike ataniambia mwenyewe."

Kesho yake alimwita fundi wa kufuli kutoka sokoni. Fundi yule alipima tundu la swichi, akakaa na tupa yake mpaka saa saba, akachonga ufunguo mzuri kabisa. Ukaingia. Ukazunguka. Taa zikawaka. Watoto wakapiga makofi. Lakini Yudith alipobonyeza kitufe cha kuwashia, injini haikuwaka. Alibonyeza tena na tena. Taa moja ndogo nyekundu ilikuwa inamweka karibu na spidomita, inawaka na kuzima, haiachi.

"Injini imekufa," fundi wa kufuli alisema.

"Injini ilifanya kazi juzi," Yudith alisema. "Haikuugua, haikukohoa. Itakufaje?"

Jirani mmoja akanong'ona kwamba huenda pikipiki imerogwa. Mwingine akasema waya zikatwe, ziunganishwe moja kwa moja. Elisha aliitikia yote mawili. Kisha akasema jambo lililokuwa moyoni mwake siku nyingi.

"Tuiuze. Batholomeo wa sokoni ananunua pikipiki mbovu, anauza vipuri. Tutapata mkokoteni wa ng'ombe."

Yudith alimgeukia mumewe. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawa ya moto.

"Baba Aneth, nisikilize. Hakuna atakayekata waya, na pikipiki hii haiuzwi. Kesho naenda mjini. Huko nyuma kitu hiki kisiguswe." Akaifunga usukani, akautia ule ufunguo wa kuchongwa mkobani.

Jumamosi alfajiri alipanda basi. Aliteremka Nzuguni, kwenye gereji ya fundi Gaudence. Gaudence alikuwa fundi wa magari ya serikali kabla naye hajapunguzwa. Sasa alikuwa na kibanda chake cha mabati kando ya barabara, na watu walisema anajua mambo ya umeme wa vyombo vipya.

Yudith alimweleza kila kitu. Gaudence hakumkatiza. Alipomaliza, fundi aliuliza:

"Taa ndogo inamweka?"

"Inamweka, haiachi."

"Basi injini yako nzima, dada. Pikipiki inakukataa tu kwa sababu haikujui."

"Hainijui vipi? Nimeiendesha miaka miwili!"

Gaudence akacheka, akachukua ufunguo wa mteja mwingine uliovunjika kichwa. Ndani ya plastiki kulikuwa na kitu kidogo cheusi, ukubwa wa punje ya mchele.

"Hii inaitwa chipu. Ina namba yake. Ukiingiza ufunguo, pikipiki inaisoma ile namba. Ikiwa ndiyo inayoijua, inatoa moto. Ikiwa siyo, au hakuna namba kabisa, hakuna moto. Yule fundi wa sokoni amechonga meno tu. Meno yanazungusha swichi. Chipu ndiyo inayoruhusu injini."

"Kwa hiyo tungekata waya…"

"Mngekuwa na pikipiki mbovu kweli. Kuunganisha waya hakuiwashi pikipiki ya namna hii, kunaharibu tu. Hii iliwekwa ili mwizi asiondoke nayo." Fundi akafuta mikono. "Niambie, ulikabidhiwa funguo ngapi?"

"Mmoja. Mweusi. Kulikuwa na mwingine mwekundu, lakini ule si wa pikipiki. Mtunza stoo alisema si wa kuendeshea."

Gaudence aliweka spana chini.

"Uko wapi?"

"Unafunga banda la kuku la mama mkwe wangu."

Fundi alishika kichwa. Hakujua acheke au alie.

"Dada, huo mwekundu ndio mama wa funguo zote! Si wa kuendeshea kila siku, ni wa kuzitambulisha funguo mpya kwa pikipiki. Ukiwa nao, nitaagiza funguo mbili zenye chipu kutoka Dar es Salaam, nitazichonga, kisha tutaziandikisha kwa kutumia huo mwekundu. Ni kazi ya dakika chache. Usipokuwa nao, itabidi tubadilishe boksi la umeme na swichi yote. Gharama yake karibu nusu ya pikipiki."

"Na ule uliopotea? Mtu akiuokota?"

"Tukiandikisha mpya, wa zamani unafutwa. Atakayeuokota atafungulia soda." Kisha sura yake ikabadilika. "Lakini sikutengenezei hivi hivi. Nataka kadi ya pikipiki. Nataka karatasi ya polisi kwamba umepotelewa. Nataka na barua ya mtendaji wa kijiji yenye picha yako."

Yudith akakasirika. "Fundi, unaniona mwizi?"

"Sikuoni mwizi. Lakini nikimtengenezea ufunguo kila anayekuja kulia hapa, siku moja nitamtengenezea mwizi wa pikipiki yako. Ungependa?"

Yudith alizihesabu zile karatasi tatu kwenye vidole.

"Nenda nyumbani upesi," Gaudence alisema. "Uutoe ule ufunguo kwenye mavi ya kuku. Na swichi isivunjwe."

Basi la kurudi lilichelewa. Jua lilikuwa limeinama Yudith alipofika kwake. Aliona watu uani, akaanza kukimbia. Batholomeo alikuwa amepiga magoti mbele ya pikipiki, ana nyundo na tindo mkononi. Elisha alisimama kando anaangalia chini.

Yudith hakuwasalimia. Macho yake yalikwenda kwenye banda la kuku. Kwenye komeo kulikuwa na kijiti cha mti. Ufunguo mwekundu haukuwepo.

Akawageukia wale wanaume.

"Weka tindo chini!" alipiga kelele. "Nani amekupa ruhusa?"

"Mwenye nyumba," Batholomeo alisema bila wasiwasi. "Tumeshakubaliana. Navunja swichi, usukani ufunguke, nipate kuisukuma."

"Mwenye nyumba ni yeye. Mwenye pikipiki ni mimi!" Yudith akatoa kadi kwenye mkoba, akaifungua mbele ya wote. "Soma. Baba Aneth, soma kwa sauti. Jina la nani hilo?"

Elisha alisoma polepole. "Yudith."

"Nilifanya kazi miaka kumi na mmoja kununua hiki chombo. Nilipopunguzwa sikulia. Wanaume walinicheka njiani, sikurudi nyuma. Leo nishindwe na ufunguo? Siuzi! Si leo, si kesho."

Batholomeo akainuka taratibu. "Mama, sina ugomvi. Lakini hiki chombo hakitawaka tena. Utabaki nacho kama kinu."

"Kitawaka. Kuna ufunguo mwekundu…" Alitazama tena lile komeo.

Hapo mama Ruthu akatoka ndani, akitembea kwa mkongojo.

"Shikamoo mama," Yudith alisema kwa shida.

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema? Kaa." Mama mkwe mwenyewe hakukaa. Alimwelekezea Batholomeo mkongojo. "Huyu bwana alifika saa sita. Akaona kile kidude changu chekundu. Akasema, 'Mama, nipe hicho kichakavu, nami nikupe kufuli jipya.' Kufuli zuri, linang'aa. Nikakataa. Akaomba tena. Nikakataa. Akaomba mara ya tatu, akaongeza na sukari."

"Ukampa?" Yudith aliuliza.

"Mimi ni mzee, si mjinga. Mtu haombi mara tatu kitu kisicho na kazi."

Mama Ruthu akafungua pindo la khanga yake. Alikuwa amelifunga mafundo matatu. Ndani yake ulikuwemo ufunguo mwekundu, umeoshwa kwa sabuni.

Yudith aliupokea kwa mikono miwili, akalia. Alilia mbele ya watu na hakuona haya. Batholomeo, kwa kazi yake ya vipuri, alijua thamani ya ule ufunguo tangu alipouona. Wenye pikipiki wakiwa hawana huo, angeinunua kwa bei ya chuma chakavu; yeye akiwa nao, angeiuza nzima. Alikusanya vyombo vyake, akaondoka na kufuli lake mfukoni.

Elisha alimfuata mkewe mpaka jikoni. Alisimama mlangoni.

"Nilikosa, mama Aneth. Nilisikiliza maneno ya watu."

"Ulikosa kweli," Yudith alisema. Hakumpunguzia hata kidogo. "Jumatatu utanisindikiza kwa mtendaji na polisi. Nataka wale wanaokucheka wakuone."

Elisha alikwenda. Gaudence alikuwa ameziagiza funguo tangu Jumapili, Yudith alipompigia simu kwamba mwekundu umepatikana, na Jumanne mchana alishuka kwenye basi akiwa nazo mkobani. Kwanza alisoma karatasi zote, moja baada ya nyingine. Ndipo akazichonga zile funguo mpya kwa kufuata meno ya mwekundu, akaingiza mwekundu kwenye swichi, akauzungusha, akaurudisha, akauchomoa. Haraka akaingiza mweusi mpya. Alifanya hivyo na wa pili. Ile taa ndogo ikamweka, kisha ikazimika, ikatulia.

"Washa," alimwambia Yudith.

Injini ikawaka mara moja. Kuku wakatawanyika ua mzima.

"Una bahati," Gaudence alisema. "Chipu imefunikwa vizuri ndani ya plastiki, ndiyo maana haikufa. Usiijaribu bahati mara ya pili. Ufunguo mmoja utembee nao. Wa pili uwe nyumbani. Mwekundu uwe mahali pake peke yake, pamoja na kadi. Na ukikabidhiwa kitu usichokielewa, uliza, hata kama anayekukabidhi ana njaa."

Jumatano Yudith alichanja vile vijiji viwili. Elisha alikaa nyuma, amepakata boksi la chanjo. Walipopita sokoni, mtu mmoja alipiga kelele, "Elisha, mzigo wa nyuma!" Naye akajibu kwa sauti, "Ndiyo! Lete kuku wako!"

Wiki tatu baadaye kideri kilifika kijiji cha jirani, ambako hakuna aliyechanja. Watu walizika kuku kwa makarai. Siku iliyofuata, kabla jua halijapanda, Batholomeo alikuja uani na matenga mawili ya kuku wazima. Alisimama mbali, anakuna shingo.

"Dada Yudith, mke wangu amenituma. Tunaomba chanjo."

Yudith angeweza kumfukuza, na nisingemlaumu. Lakini kuku hawakuwa na kosa. Alichukua kichupa, akaanza na jogoo mkubwa, tone moja jichoni.

"Nitawachanja wote," alisema bila kuinua kichwa. "Ila mama ana shida kidogo. Banda lake halina cha kufungia."

Batholomeo aliingiza mkono mfukoni, akatoa lile kufuli linalong'aa. Tangu siku ile banda la mama Ruthu linafungwa kwa kufuli jipya. Ufunguo mwekundu uko ndani ya sanduku, umefungwa pamoja na kadi yenye jina la Yudith.