Mlango Nambari 2580

Jumatatu, saa mbili kasorobo asubuhi, msichana wa kidato cha nne katika shule moja ya Uriri aliingia kwa mwalimu wake wa hesabu, akaweka mezani karatasi ya mtihani uliopangiwa Alhamisi. Alisema ameichapisha kwenye kompyuta ya maktaba ya mji. Alipoulizwa nani alimwelekeza, alifunga mdomo.

Saa sita mchana Inspekta Edith Mirumbe wa Migori alikuwa ameshafika Homa Bay, katika ofisi inayotunza mitihani ya majaribio. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Alikuwa na kalamu, na subira ya kuwachosha waongo.

Mitihani ilikaa kwenye klasta, yaani kompyuta tatu zinazofanya kazi kama moja. Kila programu ilifungiwa ndani ya kontena yake, na mtu wa nje hakuifikia mpaka ifunguliwe mlango wenye nambari, yaani poti. Kontena ya mitihani ilikutwa wazi kwenye poti 2580. Amri ilitolewa Jumamosi saa tano asubuhi, kwa jina la Lorine, fundi wa ofisi. Barua ya kumfukuza ilikuwa imeshapigwa chapa, na polisi wawili walimngoja mlangoni.

"Afande, haki ya Mungu si mimi," Lorine alisema. "Mimi nafungua poti kila wiki, lakini klasta inanikubalia kuanzia 30000 hadi 32767 tu. Nikiweka nambari ndogo inakataa."

"Nani anaweza kubadilisha hiyo mipaka?"

"Mwenye ufunguo mkuu, na lazima akae hapa ofisini. Akibadilisha, klasta inajizima dakika mbili hivi. Ni boss Walter na Frankline, lakini Frankline alienda kazi ya maktaba Uriri."

"Na password yako?"

"Iko kwa hiyo daftari ya stima. Boss alisema kila mtu aandike yake, ndio mtu akiugua kazi isisimame."

Edith alilivuta daftari. Humo waliandika kila mara umeme ulipokatika. Jumamosi palikuwa na mstari mmoja, kwa mwandiko wa Walter: stima imepotea saa 4.50 asubuhi, imerudi 4.52.

Jumanne asubuhi alimkuta Frankline maktabani, amejawa na hofu.

"Kwa nini 2580?" Edith alimuuliza.

"Mtandao wetu unapitisha poti chache tu, madam. Hiyo ni ya orodha ya vitabu. Boss Walter ndiye alituwekea."

"Jumamosi saa tano ulikuwa wapi?"

"Asumbi, kwa matanga ya mjomba. Uliza kijiji mzima."

Edith aliuliza, na kijiji kizima kikakubali. Kisha akapitia shuleni kuuliza jina la mzazi wa yule msichana.

Saa tisa alasiri aliwaketisha Walter na Lorine, akamwita Teresa, mwenye saluni iliyo chini ya ofisi, inayotumia waya uleule wa umeme.

"Mama, Jumamosi saa tano kasoro dakika kumi stima ilipotea?"

"Ipotee? Nilikuwa na bibi harusi chini ya drai ya nywele tangu saa nne mpaka saa sita. Ingepotea ningelia!"

Walter, mzee wa kanisa mwenye sauti nzito, alikohoa. "Labda nilikosea siku."

"Hukukosea. Klasta ilijizima ulipobadilisha mipaka, ukahitaji sababu. Kisha ukatumia password ya Lorine. Ukachagua poti uliyojua Filister angeifikia kutoka maktabani."

Lorine aligeuka. "Filister? Binti yako?"

Walter aliinamisha kichwa. "Nimeambia kanisa nzima atakuwa daktari. Na hesabu inamshinda." Sauti yake ilikuwa imepungua. "Nani alimshika?"

"Hakuna. Uliiweka mbele yake, akaipeleka kwa mwalimu mwenyewe."

"Alisema nini juu yangu?"

"Hajataja jina lako mpaka sasa."

Mzee alilia waziwazi, mbele ya fundi aliyetaka afungwe badala yake. Lorine alimtazama na hakumhurumia. Polisi walipomtoa Walter, Lorine aliichana ile barua ya kumfukuza, akaketi, akaifunga poti 2580. Kisha akaweka password mpya, na safari hii hakuiandika popote.