Sakafu za Likwambi

Kinusamionzi kilishuka ukutani mwa shimo namba nne kwa miguu yake minane, kikasimama, kikanusa. Kilikuwa na ukubwa wa mbuzi na kazi moja: kupima mionzi ya urani na kutangaza daraja la madini. Kikipata madini mazuri kilisema "Hongera," kwa sababu waliokiunda walikiuza kwa wenye migodi.

Mgodi wa Likwambi ulikuwa umefungwa kwa miaka sitini. Sasa, mwaka 2094, kampuni mpya ilitaka kuufufua, na Mhandisi Teofila Nchimbi alipewa siku tano aonyeshe pa kuanzia kuchimba. Siku ya tatu aliona kasoro. Rundo la mchanga uliosagwa, mabaki ya kiwanda cha zamani, lilikuwa limepungua theluthi nzima ukililinganisha na ramani. Mchanga hautembei wenyewe. Alikiamuru kinusamionzi kiufuate.

Kilivuka mto, kikapita kijijini, kikaingia jikoni kwa Bi Leokadia Ngonyani bila hodi, Teofila akikifuata nyuma.

"Hongera," kilisema. "Daraja la kwanza."

Bi Leokadia alikuwa anachambua mboga. Mjukuu wake Batilda, wa miezi minane, alikuwa anatambaa sakafuni. Bibi alicheka, akasema kumbe ametajirika bila kutoka jikoni, na kwamba mbuzi huyo wa bati hajui kubisha hodi lakini angalau anajua kupongeza.

Teofila hakucheka. Aliuliza sakafu hiyo ilisiribwa kwa udongo gani.

Bibi alieleza kwa fahari. Mchanga wa mgodini ni laini, haupasuki, hauingii mchwa. Fundi ni yeye. Kila msichana wa Likwambi anapoolewa, yeye humsiribia sakafu kama zawadi. Alishasiriba nyumba ishirini na saba, pamoja na hii yake.

Teofila alimwambia bila kuzunguka: mchanga ule unatoa mionzi na hewa yenye sumu. Havionekani, havinuki, na anayeumia zaidi ni mtoto, kwa kuwa anaishi chini.

Bibi alimnyanyua Batilda, akampangusa viganja kwa kanga, kimoja, kisha kingine, akarudia.

"Wale waliokuwa wanakohoa kwenye nyumba hizo," alisema, "uji nilikuwa nawapelekea mimi."

Kisha akauliza kama kampuni itakuja kusafisha.

"Sumu hawataifuata, mama. Madini watayafuata."

Kwa hiyo Teofila aliacha taarifa ilivyotoka kwenye mashine: madini ya daraja la kwanza. Akaongeza: sehemu ishirini na saba, uchimbaji uanze mara moja, wenye nyumba wakishajengewa kwingine. Sumu nayo aliiandika, ukurasa wa kumi na nne, ambako wakurugenzi huwa hawafiki. Akaomba majina ya wenye nyumba.

"Yangu iwe ya mwisho," alisema Bi Leokadia. "Wenzangu sumu hii niliwapelekea mimi."

Teofila aliiandika ya kwanza. Mikononi mwa bibi yake, Batilda alianza kulia, akitaka kushushwa chini.