Taa Kwenye Mkono wa Kushoto

Fundi wa medali alikutwa amekufa Alhamisi asubuhi, sakafuni kwenye karakana yake nyuma ya nyumba. Aliyemkuta ni mkewe, aliyekuwa amempelekea chai. Usiku mke alikuwa amelala bila wasiwasi, maana mumewe alizoea kukesha kazini. Kisogo kilikuwa kimepasukia kwenye ukingo wa jiliwa, chuma cha kubania kazi. Mlango haukuvunjwa. Kilichokosekana ni kitu kimoja: kalibu ya kumiminia shaba ya medali ya jubilei ya miaka mia ya Kanisa la Methodisti.

Jirani alisema alimsikia mdogo wa marehemu akifoka humo Jumatano jioni. Kofia ya mdogo huyo ilikuwa bado juu ya meza ya karakana. Kufika adhuhuri, alikuwa mahabusu.

"Shemeji hawezi kuua," mjane alimwambia Inspekta, mwanamke mwenye sauti ya chini. "Huyo hata kuku anamchinja amefumba macho."

"Walikuwa wanagombania nini?"

"Redio. Kila wiki wanagombania redio."

"Nitafutie sababu ya kumwachia, mama. La sivyo Jumatatu anasomewa shtaka la mauaji."

Mjane akamtolea medali. Jumatano mchana mumewe alikuwa amemimina moja tu ya kujaribia, akamletea yeye. Baraza la kanisa lilikubali uchongwe uso peke yake, uso wa bibi aliyeanzisha kanisa jikoni kwake. Fundi akaongeza mkono wa kulia, umeshika taa. "Usimwonyeshe mtu," alimwambia mkewe. "Wataiona Jumapili."

"Basi usimwonyeshe mtu mwingine," Inspekta alisema.

Mjane aliificha kifuani. Aliwaza jinsi alivyozoea kumtania mumewe akichonga kalibu, kila kitu kimegeuzwa. "Unaandika kama mlevi!" Naye hujibu, "Subiri shaba iingie. Itajigeuza yenyewe."

Walizika Ijumaa. Jumamosi mchana, waombolezaji walipopungua na wifi yake ametoka kwenda sokoni, Mzee wa Kanisa alikuja peke yake. Akaurudisha mlango nyuma yake.

"Pole, binti yangu. Tutatafuta fundi mwingine aichonge upya. Bibi yule na taa yake mkono wa kushoto, kama anayekuja kukufungulia mlango. Kazi nzuri sana ile."

Mjane akaigusa medali chini ya nguo. Kulia. Bibi alishika taa kwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ulikuwa mahali pamoja tu duniani: ndani ya kalibu.

"Tuombe," mzee alisema.

"Omba kirefu, Mzee. Nina uzito moyoni."

Kwa hilo hakuhitaji kubembelezwa. Sala zake zilikuwa zimeunguza vyungu vya kanisa zima. Alipofumba macho, mjane aliingiza simu chini ya mtandio amwandikie Inspekta. Vidole vilikosea herufi, akafuta, akaandika tena: Njoo. Ni Mzee. Kasema taa kushoto. Akatuma.

Kisha akagundua kwamba chumba kiko kimya.

"Amina," mzee alisema taratibu. Macho yake yalikuwa wazi. "Unamwandikia nani, binti yangu?"

"Wifi. Alete sukari."

"Nionyeshe."

Alisimama kati yake na mlango, mkono ameunyoosha. Mjane alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Nimesema nipe simu."

Kituo cha polisi kilikuwa mtaa wa pili. Mjane alianza kukohoa, akakohoa na kukohoa, ilimradi muda upite. Mzee alikuwa amekwisha kumshika kifundo cha mkono mlango ulipofunguka. Inspekta aliingia akihema.

"Mwachie, Mzee. Karakanani uliingia lini?"

"Sijawahi kukanyaga huko."

"Taa umeijuaje?"

"Marehemu alinieleza."

"Angekueleza kulia," mjane alisema, akaiweka medali mezani. "Kushoto ameiona aliyeinamia kalibu."

Mzee aliitazama medali. Ndiyo kwanza aione. Akaketi.

"Maisha yangu yote mwanzilishi ni babu yangu," alisema. "Jina lake liko juu ya mlango wa kanisa. Leo mnaniletea mpishi na taa? Nilimwomba anipe kalibu. Akaing'ang'ania. Nilimsukuma tu."

"Ulipoondoka, alikuwa anapumua?" mjane aliuliza.

Mzee aliigeuza medali kifudifudi mezani. Inspekta akatoa pingu.

Kalibu ilikutwa kanisani, chumba cha nyuma, chini ya majoho ya kwaya. Ilipomaliza kutumika kama ushahidi, shemeji, aliyekwisha kuachiwa, ndiye aliyeirudisha nyumbani. Aliingia karakanani akaiweka juu ya meza, pale ilipoachwa kofia yake. Mjane akaiweka medali juu ya kalibu, taa juu ya taa. Ikaingia bila sauti.

Shemeji alikuwa ameiwasha redio bila kufikiri. Akarudisha mkono kwenye swichi.

"Nizime, shemeji?"

"Iache," mjane alisema. "Ongeza sauti kidogo."